Bandika Maji, Verbena

Mimi si mtu wa subira, na Mtaa wa State mzima unalijua hilo. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kaunta ya santuri katika duka la fanicha hapa Chicago, upande wetu wa Kusini, sofa zikiwa mbele, vitanda nyuma, na mimi katikati na gramafoni yangu, nikiwapigia watu nyimbo ili wachague. Mteja akija akanipigia mluzi nusu ya wimbo eti nimtafutie, namwambia arudi nyumbani akaumalizie. Mwenye duka, Mzungu mmoja mpole, alikuwa akiniomba, "Arletha, punguza ukali." Namwambia, "Wewe punguza kuniletea wapumbavu." Hakuna aliyepunguza.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka wa ishirini na tano, aliingia mwanamke wa makamo, kofia nyeusi, glavu nyeusi, koti limefungwa hadi kidevuni. Watu wa kanisa nawajua. Wakija kwangu huwa wanataka kwaya, na huwa wanasimama mbali na kaunta utadhani santuri zina kichaa cha mbwa. Huyu alikuja moja kwa moja.

"Nataka Viatu Mlangoni," akasema.

"Ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Dada, mwaka huu hata paka wangu ana Viatu Mlangoni yake. Unataka ya kulia, ya kucheza, au ya kuringia?"

Sikuwa namtania bure. Ya kwanza ilikuwa bluzi, aliiimba Ozella Crump na gitaa moja tu nyuma yake, habari ya mwanamke anayeviangalia viatu vya mumewe mlangoni na mume mwenyewe hayumo. Ikapendwa. Kabla haijapoa, bendi ya watu kumi ikayatupa maneno, ikaupiga wimbo haraka haraka, ikawa jazi ya kuchezea. Halafu wakubwa wa majukwaa kule New York wakalichukua lile jina, wakawavisha wasichana thelathini viatu vya dhahabu, wakatunga onyesho zima la nyimbo na vichekesho, nalo wakaliita Viatu Mlangoni. Nyota wao naye akaingia studio akaimba yake. Jina moja, na santuri tatu juu ya kaunta yangu, hakuna inayofanana na mwenzake.

"Nataka ile ambayo mwanamume anaongea katikati," akasema.

Nikacheka. Jamani, nilicheka. "Ahaa, ile ya 'Bandika maji, Verbena'! Wewe na kofia yako hiyo ya kanisani! Na jina lako nani, mama?"

"Verbena."

"Ndiyo, na mimi ni Malkia wa Sheba."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyotazama saa ya ukutani, kujua ni saa ngapi, basi. "Verbena Tolliver," akasema. "Aliyepiga gitaa ni mume wangu. Amefariki mwezi wa pili."

Lucius Tolliver nilimjua, alikuwa akituletea makaa ya jiko la duka. Mrefu, mwembamba, mweupe wa meno, mweusi wa vumbi. Nilisikia ameteleza kwenye barafu, gari la makaa likampita juu. Sikujua kuwa ana mke.

Nilimvutia kiti, mojawapo ya vile viti vya kuuza ambavyo haturuhusiwi kukalia, nikamwambia akae. Habari zake nilizipata siku ile na Jumamosi zilizofuata, kidogo kidogo. Nazisimulia alivyonisimulia, na alizisimulia bila kupandisha wala kushusha sauti.

Alitoka Mississippi na Lucius miaka tisa nyuma, sanduku moja, kikapu cha kuku wa kukaanga, na anwani ya binamu ambaye walipofika walikuta ameshahama. Lucius akapata kazi ya makaa. Verbena akapata kazi kwenye nyumba ya dobi, kupiga pasi mashati ya Wazungu, kola na ncha za mikono, siku sita kwa wiki. Jumapili ni kanisa, asubuhi hadi giza. Kanisa lao ni la wale wakali: hakuna kucheza, hakuna karata, na bluzi ndiyo takataka ya takataka zote. Mama Mkuu wa kanisa alisema mtu anayeingiza bluzi ndani ya nyumba ni sawa na kumwekea shetani sahani mezani. Verbena alisadiki. Lucius alikuwa anakwenda naye, anaitikia amina, halafu Jumatatu analitoa gitaa chini ya kitanda.

"Ulimruhusu?" nikamuuliza.

"Gitaa halina maneno," akasema. "Niliona si dhambi mpaka liwe na maneno."

Kila jioni Lucius akirudi, hakuwa anapanda moja kwa moja. Alisimama chini ya ngazi akapaza sauti: "Bandika maji, Verbena, nakuja!" Kwa sababu hakuruhusiwa kukalia kitu chochote mpaka aoge. Alipita kila ghorofa akijipangusa na kusalimu majirani, na akifika juu maji yameshachemka. Miaka tisa hivyo. Majirani walikuwa wakiitumia kama saa. Mama wa ghorofa ya pili, akisikia hivyo, naye anaweka mkate wake wa mahindi jikoni.

Vuli moja Ozella Crump akapungukiwa na mpiga gitaa, mtu akamtaja Lucius. Akaenda studio na nguo zake za makaa, maana alitoka kazini. Wakamsimamisha karibu na lile pembe kubwa la kuingizia sauti. Wimbo unahusu mume asiyerudi, na Lucius, sijui ni woga, sijui ni utani, baada ya ubeti wa pili akainua kichwa akapaza: "Bandika maji, Verbena, nakuja!" Ozella akacheka humohumo ndani ya santuri, akaendelea. Wakairekodi mara ya pili wakamkanya anyamaze, akanyamaza. Lakini ile ya kwanza Ozella aliimba vizuri zaidi, ndiyo wakaitoa.

Lucius akapewa santuri moja, akaileta nyumbani imefungwa gazeti. Verbena akasimama mlangoni.

"Hiyo haipiti hapa."

"Mke wangu, usiipige basi. Ishike tu. Wewe umo humu ndani."

"Mimi simo humo," Verbena akamwambia. "Na kama nimo, nitoe."

Lucius akaiacha kwenye ngazi. Asubuhi haipo, mtu ameichukua. Hawakuizungumzia tena. Verbena hakuwahi kuuliza yumo vipi.

Aliyemwambia ni jirani yule wa ghorofa ya pili, siku ya mazishi, watu wakiwa wanakula viazi vitamu na kuku kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Alimshika mkono akamwambia, "Mshukuru Mungu, sauti yake unayo, mwenzangu. Mimi wangu aliondoka bila kuniachia hata kikohozi." Verbena akauliza, sauti gani? Yule mama akamweleza. Siku ile, anasema, ndipo alipoona kwamba hajalia. Alisubiri usiku kilio kije, hakikuja. Jumatatu akaenda kazini akapiga pasi mashati mia.

"Nikimsikia mara moja nadhani nitalia," akaniambia. "Nimekaa miezi miwili kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi, lakini ni mwili mzima. Nataka kusikia ananiita. Basi."

Alisema hivyo hivyo, "basi," kama anaagiza sukari.

Nikaweka santuri ya Ozella juu ya gramafoni. Nikabadilisha sindano, jambo ambalo simfanyii mteja ovyo. Ubeti wa kwanza ukapita. Alikaa wima, glavu zimekutana magotini. Ubeti wa pili ukapita. Pale mahali pakafika, gitaa likatembea peke yake, safi, na Ozella akaingia ubeti wa tatu. Hakuna sauti.

"Bado?" akauliza.

"Subiri," nikamwambia, wakati nilikuwa najua imeshapita.

Nilitoa santuri nyingine kwenye rafu, nikaipiga. Vilevile. Nikatoa ya tatu. Ndipo nilipoiinua dirishani nikaangalia ile sehemu laini iliyo karibu na karatasi ya katikati. Pale kiwandani huwa wanakwaruza tarakimu ndogo sana, hakuna mnunuzi anayeiona. Inasema wimbo ulirekodiwa mara ya ngapi. Santuri zangu zote ziliandikwa mbili.

Sasa hapa ndipo nitakaposema jambo ambalo sikumwambia Verbena siku ile. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, ile ya kwanza ilipotoka, watu watatu waliirudisha wiki moja. Mmoja alisema nimemuuzia santuri iliyotumika, kuna mtu ameacha sauti yake humo. Mwingine, mzee wa posta, aliapa kuna mlevi alipita nyuma ya mashine. Nikachoka kubishana. Wakala wa kampuni alipokuja kuandika oda, nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Mwambie bosi wako amtoe huyo mpiga kelele, anatuharibia biashara." Akaandika kwenye daftari lake. Sidhani kama ni mimi peke yangu niliyesema. Lakini nilisema. Mzigo uliofuata ulikuja kimya kimya, jina lilelile, namba ileile, na Lucius hayumo.

"Walirekodi mara mbili," nikamwambia Verbena. "Hii ni ile aliyonyamaza. Ile nyingine nitaitafuta."

"Haya," akasema. Akasimama, akakirudisha kiti mahali pake, akakipangusa kwa kiganja.

Akawa anakuja kila Jumamosi baada ya kazi. Anauliza, namwambia bado, anakaa kidogo, anakwenda. Niliuliza kila mteja niliyemkumbuka. Mmoja alisema ya kwake imevunjika kwenye harusi. Mwingine alimpa dada yake Detroit. Nikamtafuta Ozella Crump mwenyewe, nikaambiwa yuko njiani na hema la maonyesho, leo Georgia, kesho hakuna ajuaye.

Mwezi wa tisa lile onyesho la New York likaja mjini kwetu. Mabango kila mahali. Wenye ukumbi wakibandika bango dirishani kwako wanakupa tiketi za mchana, nikapewa mbili. Mpiga ngoma mmoja akaniambia kasikia Ozella yumo, kapewa wimbo mmoja. Nikamwambia Verbena twende, tukamuulize mlangoni baada ya onyesho, huenda anayo santuri ya kwanza.

"Mimi sijawahi kuingia mahali kama hapo," akasema.

"Na mimi sijawahi kubatizwa mara mbili. Vaa viatu twende."

Akaja na kofia ileile. Tulikaa juu, safu ya tatu, kati ya mpishi mmoja mnene aliyeleta karanga na msichana aliyekuwa anacheka kabla pazia halijafunguka. Watu mia nane, mia tisa. Muziki ukapasuka, wasichana wakatoka na viatu vyao vya dhahabu, na mimi, sitadanganya, miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya kiti. Ozella hakuwemo. Tuliliona jina lake mahali pamoja tu kwenye karatasi ya ratiba, herufi ndogo, kwamba wimbo ulipata kujulikana kupitia kwake.

Baada ya wimbo wa nne wakaweka jukwaani mlango, na ngazi, na jiko. Akatoka dume moja kubwa limevaa gauni na kitambaa kichwani, makalio ya mito. Watu wakaanza kupiga kelele. Halafu, kutoka pembeni, akaingia mchekeshaji, uso kaupaka masizi, gunia la makaa begani, viatu vikubwa vinaburuzwa. Akasimama chini ya ngazi, akaweka mkono mdomoni, akavuta kwa sauti nene kama ya fahali:

"Bandika maaaji, Vereeebena! Nakujaaa!"

Ukumbi ulianguka. Yule mpishi alimwaga karanga zake. Lile dume likachungulia juu ya ngazi likammwagia ndoo ya maji, akateleza, akarudi chini, akapaza tena. Maji tena. Mara ya tatu alielekeza mkono kwetu, na watu mia tisa wakaitikia pamoja naye, wakapigilia miguu sakafuni: "Bandika maji, Verbena!" Msichana aliyekuwa ubavuni mwetu alimgusa Verbena kwa kiwiko. "Sema na wewe, mama! Mbona husemi?"

Mungu wangu. Nilitamani kutumbukia chini ya kiti. Walikuwa wameisikiliza ile santuri ya kwanza, kumbe, kule New York, wakaona hapa pana kicheko. Wala hawakuwa wabaya. Hawakumjua. Nikamtazama Verbena nikitegemea aniambie tutoke, au anipige kofi, ningelipokea. Alikuwa anaangalia jukwaani, macho makavu, mikono magotini.

"Twende?" nikamnong'oneza.

"Tiketi zimeshakatwa," akasema. "Tukae."

Tukakaa mpaka mwisho. Tulipotoka, upepo wa ziwani ukatupiga, na mitaani watu walikuwa wanaitana hivyo, wanaume watu wazima, kutoka kona hadi kona. Bandika maji! Nakuja! Nikafikiri, hawa watalisahau wiki ijayo. Hawakulisahau. Majira yale yote ya baridi ilikuwa ndiyo salamu. Kinyozi alikuwa akifungua duka lake nayo. Pale nyumba ya dobi wasichana wenzake na Verbena walimwita hivyo asubuhi hadi jioni, wakijua jina tu na wasijue mengine, na yeye hakuwaambia.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza alikuja mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Nikamuuliza. Akasema aliuacha chini ya pasi.

"Ukauacha vipi? Hukusikia moto?"

"Nilisikia harufu," akasema.

Nikamfungua kile kitambaa nikamwekea dawa, nikamgombeza vya kutosha kwa ajili ya watu wawili. Nilipokuwa nafunga, akasema, bila kuulizwa: "Bi Arletha, kuna jambo. Zamani nilikuwa nikifumba macho jioni saa kumi na moja, namsikia kule chini. Sauti yake yenyewe. Sasa nikifumba anakuja yule wa kwenye onyesho. Namfukuza, nasubiri wangu, anakuja yuleyule."

"Ni kelele za watu tu. Zitapita."

"Nahitaji ile santuri kabla hajafutika kabisa," akasema. "Amebaki kidogo sana."

Hapo ndipo nilipomwambia. Habari ya wakala, mpiga kelele, daftari, yote. Nilimwambia haraka haraka, nikiangalia kile kitambaa. Nilidhani atanitemea mate. Akasema, "Hukumjua ni nani," na akavaa glavu juu ya kidonda. Ningependa zaidi angenitukana. Mtu akikutukana mnakuwa mmemalizana.

Tangu siku hiyo nilitafuta kama mwenye deni la damu. Nikaenda kwa Cassius Rudd. Cassius ni mhudumu wa treni za usiku zinazokwenda Kusini, na kama wenzake wote alikuwa akinunua santuri kwangu kwa dazeni, anazificha chini ya mashuka, anaziuza kwenye vituo vidogo huko ambako hakuna duka la kuwauzia watu wetu. Mtu huyu anakumbuka sura ya kila mteja.

"Cassius," nikamwambia, "majira ya baridi ya mwaka juzi ulichukua kwangu Viatu Mlangoni sita za mwanzo. Ziko wapi?"

"Bi Arletha, kwani mimi ni polisi?"

"Nitakuwa polisi mimi. Ziko wapi?"

Akakuna kichwa. Mbili Memphis, zimekwisha kwa kupigwa. Moja kaikalia mchungaji, kwa bahati mbaya anasema. Nyingine mbili hajui. Lakini moja alimuuzia mwanamke wa shamba la pamba, karibu na kituo ambapo treni inasimama kuchukua maji tu, mwanamke ambaye hana gramafoni.

"Hana gramafoni na kanunua santuri?"

"Aliipenda karatasi yake, ya bluu. Kaitundika ukutani kwa msumari, karibu na picha ya Yesu. Nilimwona mwenyewe."

"Kampelekee hii, uniletee ile," nikamwambia, nikavua kichwani kofia yangu ya Pasaka, ile ya manyoya, ambayo watu kanisani kwetu walikuwa wakiichukia kwa wivu. Cassius akaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alirudi baada ya wiki tano. Santuri ilikuwa imefungwa ndani ya shati lake, ina vumbi, haina mkwaruzo hata mmoja, haijawahi kuguswa na sindano tangu itoke kiwandani. Niliipeleka dirishani, nikaigeuza. Karibu na karatasi ya bluu palikuwa pamekwaruzwa moja, si mbili.

Sikuipiga. Naapa sikuipiga, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha. Niliona si haki mimi nitangulie kumsikia. Nikangoja Jumamosi.

Verbena alipofika nilifunga mlango wa duka, mchana kweupe, nikamwambia mwenye duka, mteja akiuliza, amwambie Arletha amekufa. Nikamvutia kile kiti. Nikaweka sindano mpya.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

Akavua kofia. Hakuwa amewahi kuivua mbele yangu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa ajili ya siku hiyo, nadhani kila Jumamosi zilikuwa zinasukwa.

Ozella akaimba ubeti wa kwanza. Akaimba wa pili. Gitaa likajikwaa kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, na Lucius Tolliver akaita, wazi kabisa, karibu kabisa, sauti nyembamba ya haraka yenye haya kidogo, ileile aliyokuwa akinisalimia nayo akiwa na ndoo ya makaa mkononi: "Bandika maji, Verbena, nakuja!" Ozella akacheka. Wimbo ukaendelea. Mimi machozi yalikuwa yameshafika shingoni, na sijali nani anajua.

Verbena hakutikisika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hapo tu. Tena."

Nikaishusha sindano hapo tu, tena. Akainamisha sikio karibu na pembe la gramafoni, akafumba macho. Lucius akaita. Akafumbua macho.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Lucius, dada."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa anabisha. Alikuwa ananionea huruma, mimi, kwa kazi niliyofanya. "Hapana, Bi Arletha. Huyu wamemwiga. Amejitahidi, lakini huyu sauti yake nyembamba. Lucius alikuwa na sauti nene. Alikuwa anaivuta." Akaweka mkono mdomoni, katikati ya sofa na vitanda vya watu, akanionyesha mumewe alivyokuwa akiita: "Bandika maaaji, Vereeebena."

Alikosea kidogo sana. Alimpata yule mchekeshaji karibu mzima, hata ile pumzi yake ya mwisho.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema: tarakimu, karatasi ya bluu, mimi nilimjua, mimi nimemsikia miaka mitano akinisalimia. Ningemthibitishia. Halafu angebaki na nini? Angejua kwamba mumewe amemwita mara tatu, na yeye hakumtambua.

"Labda walirekodi mara tatu," nikasema.

"Labda," akasema. Akavaa kofia, akaisawazisha, akafunga koti hadi kidevuni. "Usivunjike moyo. Wewe endelea kunitafutia."

"Nitaendelea, dada."

Jumamosi iliyofuata alikuja saa ileile, akasimama kaunta, akauliza kama imepatikana. Nikamwambia bado.